Mafunzo ya fidla ambapo mzazi pia ni mwanafunzi

WAZAZI wengi huwapeleka watoto wao kwa mwalimu wa muziki, hulipa karo kisha hurejea jioni kuwachukua. Katika mafunzo ya kiangazi yanayofuata mbinu ya Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani aliyefariki mwaka wa 1998, mzazi huketi darasani pamoja na mwanawe.

Nchini Marekani, mafunzo hayo yalianzishwa mwaka wa 1971 na Margery Aber mjini Stevens Point, jimbo la Wisconsin.

Suzuki alitambua kuwa mtoto hujifunza lugha ya mama kwa kusikia na kurudia, kabla hajajua kusoma. Hivyo basi, mwanafunzi husikiliza muziki uliorekodiwa kila siku na kuupiga kwa sikio kabla ya kufundishwa kusoma noti.

Mzazi naye huandika maagizo yote ya mwalimu. Huenda akalazimika kutumia siku zake za likizo, lakini kazi hiyo haina budi kufanywa. Mafunzo yakiisha, mwalimu hayupo tena. Atakayemkumbusha mtoto jinsi ya kushika upinde ni mzazi aliyekuwepo darasani.