Ndege za Jeshi la Majini Juu ya Ziwa Tanganyika, 1916

Mwaka 1916, Jeshi la Majini la Uingereza liliwaazima Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827 zipigane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Zilikuwa ndege za majini: mahali pa magurudumu zilifungwa maboya, mabawa yalitanda zaidi ya mita 16, na injini moja ya Sunbeam yenye nguvu farasi 150 hivi iliwabeba rubani na mwangalizi wake. Zilibuniwa kwa doria za pwani, si kwa ziwa lililo katikati ya Afrika.

Kilichozileta ni meli moja. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 kutoka manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliteka meli ya Kijerumani Kingani, kisha Waingereza wakazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, lakini Götzen ilizizidi mno kwa ukubwa na kwa silaha.

Rufiji ilikuwa imeshaonyesha kazi ya ndege katika vita vya namna hii. Königsberg ilijificha nyuma ya mikoko, na wapiga mizinga wa Kiingereza hawakuiona. Siku ya mwisho, rubani Mwingereza Cull na mwangalizi wake Arnold waliruka kutoka kisiwa cha Mafia wakawa wanaarifu kwa simu ya upepo kila kombora lilipoangukia. Ndege yao ilipopigwa, Arnold aliendelea kutuma marekebisho huku wakishuka mtoni.

Kuzifikisha ndege Tanganyika kulikuwa kazi ngumu kuliko kuzirusha. Makasha yalishushwa Matadi, yakapanda treni hadi Léopoldville, kisha meli za mtoni hadi Stanleyville. Kutoka hapo reli na mto vilipokezana, kupitia Ponthierville, Kindu na Kongolo hadi Kabalo, na mwishowe treni hadi Kalemie, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1915 tu. Kila mahali njia ilipobadilika, mizigo ilipakuliwa na kupakiwa upya. Bila jasho la wachukuzi Wakongomani, ndege hizo zingeishia Matadi.

Kambi haikuwekwa kwenye ziwa lenyewe. Tanganyika huchafuka kwa ghafla, na wimbi la kawaida linatosha kuvunja boya la ndege inayokimbia majini. Kwa hiyo Wabelgiji walichagua ziwa dogo la Tongwe, jirani na Mtoa, lenye maji yaliyotulia zaidi.

Hewa nayo ilikuwa kikwazo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye joto la nyuzi 30 hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko hewa ya pwani ya Ulaya. Hewa nyepesi hulibeba bawa kwa udhaifu, huipunguzia injini nguvu na huinyima propela mshiko. Ndege iliyokuwa nzito tangu mwanzo ililazimika kukimbia mbali zaidi juu ya maji kabla ya kunyanyuka, na kila kilo ya bomu au petroli ilihesabiwa.

Tarehe 10 Juni 1916, rubani Aimé Behaeghe na mwangalizi Collignon walivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma, wakiilenga Götzen. Meli haikuzama. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, baada ya kuipaka injini grisi ili isiharibike, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma. Ziwani hapakuwa tena na adui wa kupigwa. Behaeghe alifariki kwa ugonjwa huko Niemba Desemba mwaka huo huo.

Götzen iliopolewa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kongo nayo iliona tena ndege za majini mwaka 1920, safari hii zikibeba barua na abiria juu ya Mto Kongo: kampuni ya LARA ilianza kutoka Léopoldville, ikafika Stanleyville mwaka uliofuata.