Siha ya Makopo

Jioni moja mpwa wangu, mcheza kandanda wa timu ya mtaa hapa Mombasa, alinijia na kopo kubwa mithili ya ndoo, limechorwa mtu aliyetuna misuli.

"Shikamoo mjomba. Nguvu ndiyo hii."

Nikamwuliza bei. Akainama. Kumbe kalinunua kwa fedha za upatu wa mamake, zamu aliyoingoja tangu mfunguo mosi!

Nikavaa miwani nikasoma maandishi ya ubavuni, maana maalim wetu chuoni alituzoesha kutoiacha hata hashiya. Naam, msomaji, kilichomo ni protini ya maziwa: yale maji yabakiayo jibini ikishafanywa, yakakaushwa yakawa unga. Si sumu, na ni kweli kuwa protini hujenga misuli. Lakini kipimo kimoja kina kama gramu 24, na mayai manne yana kadiri hiyo hiyo. Kijana alaye samaki na kunde kila siku, kopo litamwongezea nini?

Vinywaji navyo vina asili yake. Mwaka 1965, Dakta Robert Cade na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walichanganya maji, sukari na chumvi kwa ajili ya wachezaji waliozidiwa na joto. Ndiyo Gatorade hiyo. Nami sitaficha: kwa mwenye kukimbia masaa, sukari ya njiani ina faida. Eliud Kipchoge alipovunja rekodi ya marathoni mjini Berlin mwaka 2018, kwa saa 2:01:39, alikuwa akipokezwa chupa zake njia nzima. Lakini mazoezi ya saa moja uwanjani yatoshwa na maji. Chupa ya nusu lita aghalabu ina sukari gramu 30, vijiko saba hivi vya chai. Dafu nalo ni zuri, ila chumvi yake haba.

Watafiti walioandika mwaka 2004 habari za chakula cha wanariadha wetu mashuhuri waliwakuta na ugali, na chai ya maziwa yenye sukari, zaidi ya lita moja kwa siku. Hata kafeini, ambayo imethibitika kumsaidia mwanamichezo, imo katika kahawa chungu ya barazani.

Lililonitia hofu zaidi ni jingine. Baadhi ya unga huo umepata kukutwa na dawa zilizokatazwa michezoni, wala hazikuandikwa juu ya kopo. Mchezaji akipimwa zikaonekana, hujibu yeye, si muuzaji. Na huyu wangu ana ndoto ya ligi kuu.

Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akauliza, "Basi mjomba, nilirudishe dukani?"

Kopo lilikwisha funguliwa. Na mamake hadi leo hajaambiwa bei.