Usingoje mtoto 'akue' ndipo utibu jicho vivu

Kati ya matatizo yote ya macho ya watoto, hakuna linalojificha kama jicho vivu. Haliumi, halitoi tongo wala machozi, na halibadilishi rangi. Mtoto hucheza na wenzake, hutazama katuni, huokota punje ya mchele sakafuni na kumwonyesha baba yake ndege inayopita angani. Mzazi ataanzia wapi kushuku kwamba mtoto huyu anategemea jicho moja tu?

Wiki hii, msomaji, tutazungumzia tatizo hilo ambalo kitaalamu huitwa ambliopia. Uchunguzi katika sehemu nyingi za dunia umeonyesha kwamba humpata mtoto 1 hadi 3 kati ya kila watoto 100. Katika miji inayokua haraka kama Thika na Ruiru, ambako nasari moja huweza kujaza watoto kutoka ploti kumi, huenda mwalimu ana mtoto wa aina hiyo mbele yake kila asubuhi na hajui.

Jambo ninaloomba ulishike tangu mwanzo ni hili: jicho vivu lina tiba, na mara nyingi tiba yenyewe ni miwani na kipande cha plasta. Lakini tiba hiyo ina wakati wake. Wakati huo ukipita, hata daktari bingwa mwenye mashine za kila aina hawezi kumrudishia mtoto yote aliyopoteza.

Jicho vivu ni nini?

Jina lenyewe linapotosha. Jicho hilo halina uvivu wowote, na mara nyingi likichunguzwa ndani halipatikani na kidonda wala ugonjwa. Shida iko katika ubongo.

Mtoto hazaliwi akiwa hodari wa kuona. Kama vile anavyojifunza kutembea na kusema, ubongo wake hujifunza kuona kwa kupokea picha safi kutoka macho yote mawili. Ikiwa jicho moja linaleta picha yenye ukungu, au limeelekea upande mwingine, ubongo huikataa picha hiyo na kufuata ya jicho zuri. Siku zinavyopita, njia ya jicho lililopuuzwa hudumaa, kama kijia cha shambani kisichopitwa na watu kinavyomezwa na nyasi.

Haya yalidhihirishwa na wanasayansi wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel. Waliziba jicho moja la paka wachanga kwa muda, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini ubongo haukulitambua tena. Paka wazima waliofanyiwa vivyo hivyo hawakudhurika. Wanasayansi hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, na tangu hapo madaktari wanajua kwa nini umri ni jambo kubwa katika tatizo hili.

Kwa binadamu, ubongo hujifunza kuona tangu siku ya kuzaliwa hadi karibu miaka 7 au 8, na miaka ya mwanzo kabisa ndiyo yenye nguvu zaidi. Baada ya hapo mlango haufungwi kwa kishindo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto wa miaka 7 hadi 17 bado walinufaika na tiba. Hata hivyo, kadiri mtoto anavyokua ndivyo kazi inavyokuwa ngumu na faida inavyopungua.

Chanzo chake

Kuna mambo matatu makubwa yanayoleta jicho vivu.

La kwanza ni kengeza. Macho mawili yakitazama pande tofauti, ubongo hupata picha mbili zisizolingana, nao huizima moja. Kwa mtoto mchanga, macho kutangatanga mara moja moja katika miezi mitatu au minne ya mwanzo si ajabu. Lakini kengeza inayoendelea baada ya miezi minne, au inayotokea ghafla kwa mtoto mkubwa, inahitaji daktari. Usikubali kuambiwa kwamba ni urembo, au kwamba ni ya ukoo na ataiacha akikua. Ikiwa ni ya ukoo, hiyo ni sababu zaidi ya kumpima mapema.

La pili ni nguvu ya macho kutolingana. Jicho moja linaona sawasawa, lingine linahitaji miwani. Hili ndilo baya zaidi kwa kujificha, kwa kuwa macho yamenyooka na mtu akimtazama mtoto haoni kasoro yoyote.

La tatu ni kizuizi kinachofunika njia ya mwanga, kama vile kope iliyolegea ikafunika mboni, au mtoto wa jicho. Ndiyo, hata mtoto mchanga huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho. Huyu hangojewi hata kidogo. Ikiwa ukungu ni mzito, upasuaji hutakiwa katika wiki chache za mwanzo wa maisha yake.

Dalili za kuangalia nyumbani

Mtoto mdogo hawezi kukwambia haoni vizuri, kwa sababu hajawahi kuona kwa njia nyingine. Ni juu yako mzazi kumtazama. Angalia kama huinamisha kichwa upande mmoja anapotazama kitu, kama hufumba jicho moja juani, kama hukaribia televisheni kupita kiasi, au kama hukosea hatua kwenye ngazi na kumwaga maji anapomimina kikombeni.

Lipo jaribio rahisi. Mkalishe mtoto akiwa ameshiba na mwenye furaha, mpe kitu anachokipenda atazame, kisha uzibe jicho moja kwa kiganja bila kuligusa. Halafu ziba la pili. Ikiwa jicho la kulia likizibwa anatulia, lakini la kushoto likizibwa analia na kusukuma mkono wako, amekwambia kwa lugha yake kwamba la kulia halimsaidii.

Tazama pia picha ulizompiga kwa simu yenye taa. Kwa kawaida mboni zote mbili huonekana nyekundu au nyeusi. Ikiwa moja hung'aa kwa weupe picha baada ya picha, mpeleke hospitalini wiki hii hii. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, au uvimbe wa saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Ikigunduliwa mapema hutibika, ikicheleweshwa huua.

Fahamu kwamba majaribio haya ya nyumbani hugundua baadhi tu. Mtoto anaweza kuyapita yote na bado awe na jicho vivu. Kwa sababu hiyo kila mtoto anafaa kupimwa macho, jicho moja moja, kati ya miaka 3 na 5, kabla ya kuingia Gredi ya Kwanza, hata kama haonyeshi dalili.

Kwa nini tunachelewa?

Mkazi wa Thika anapotaja shida ya macho, mawazo yake huenda haraka kwenye shule ya wasioona iliyoanzishwa mjini humo na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Huyo ndiye mtoto anayemwona kuwa mgonjwa wa macho: asiyeona kabisa. Mwenye jicho vivu hafanani naye. Anasoma ubaoni kwa jicho lake zuri, anavuka barabara, anaitwa mzima.

Kwa hiyo hata mzazi akiambiwa, hana haraka. Mwaka wa 2018 jarida la kitiba la The Lancet Global Health lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 50 za msingi za kaunti ya Trans Nzoia, ambako walimu walifunzwa kuwapima wanafunzi macho. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida ya barua, ni watoto 22 tu kati ya kila 100 waliopatikana na kasoro waliofika hospitalini. Katika shule zilizopima kwa simu yenye programu iitwayo Peek na kuwakumbusha wazazi kwa ujumbe mfupi, walifika 54. Hata kwa njia hiyo bora, karibu nusu ya watoto hawakufikishwa kwa daktari.

Hasara ya kutofika huonekana baadaye. Mtu mwenye jicho moja tegemevu hana akiba. Thika ni mji wa viwanda na karakana. Kipande cha chuma kikiruka kutoka kwenye mashine ya kunoa na kumpata kwenye jicho zuri, anabaki na lile ambalo halikufundishwa kuona. Zaidi ya hayo, kupima umbali kwa jicho moja ni vigumu, na zipo kazi zinazodai macho yote mawili.

Tiba

Daktari au mtaalamu wa kupima macho atamtia mtoto matone ya kupanua mboni ili ajue nguvu halisi ya kila jicho. Usiogope matone hayo. Mtoto ataona ukungu na kusumbuliwa na mwanga kwa muda, kisha atarudi hali yake ya kawaida.

Hatua ya kwanza ni miwani ikiwa inahitajika, nayo huvaliwa siku nzima. Baadhi ya watoto hupona kwa miwani peke yake, ikipewa miezi mitatu au minne kufanya kazi.

Hatua ya pili ni kuziba jicho zuri, ili ubongo ulazimike kutumia lile dhaifu. Njia hii si ngeni. Mwanazuoni wa Ufaransa, Buffon, aliieleza mwaka wa 1743. Zamani watoto walizibwa jicho kutwa. Siku hizi tunajua kwamba kwa tatizo la wastani, saa 2 kwa siku zinaweza kutosha, na kwa tatizo kubwa, saa 6. Daktari ndiye ataamua. Usizidishe saa kwa kudhani unaharakisha, kwa sababu jicho zuri likizibwa kupita kiasi nalo linaweza kudhoofika.

Kwa mtoto anayekataa kabisa kuzibwa, kuna matone ya atropini yanayotiwa katika jicho zuri ili liwe na ukungu. Wengine hutiwa Jumamosi na Jumapili pekee. Dawa hii ni sumu ikinywewa, hivyo iweke mbali na watoto, na mvalishe mtoto kofia anapotoka juani.

Upasuaji wa kengeza hunyoosha macho, lakini haufundishi ubongo kuona. Mtoto aliyepasuliwa bado aweza kuhitaji miwani na plasta.

Vita vya plasta

Mzazi mmoja akitoka kliniki na plasta mkononi huona kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba ndipo inapoanza. Mtoto wa miaka mitatu atailia na kuibandua, naye nyanya atamwonea huruma na kusema, "Mwacheni mtoto, mnamtesa." Haya yafuatayo yatakusaidia:

Bandika plasta juu ya ngozi, chini ya miwani, ili asichungulie pembeni. Chagua saa moja isiyobadilika kila siku, kwa mfano baada ya kutoka shule. Mpe kazi ya karibu inayompendeza wakati huo: kuchora, kuchambua maharagwe, kupanga vifuniko vya soda, hata katuni. Simu haikuleta jicho vivu, basi itumie ikufae. Mbandike plasta mwanasesere wake pia. Weka alama kwenye kalenda kila siku aliyovaa, na akimaliza wiki mpe zawadi ndogo.

Ukiondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi usiku, mweleze yaya na mwalimu sababu ya plasta, maana wao ndio watakaoisimamia. Na nyanya aelezwe mapema kabla hajaanza kuibandua.

Tiba huchukua miezi, si wiki. Hata baada ya kupona, karibu mtoto 1 kati ya 4 hurudiwa na tatizo katika mwaka wa kwanza, hivyo usiache kumrudisha kliniki.

Ya kuepuka

Usimtie mtoto maziwa ya mama, asali wala maji ya majani machoni. Karoti na mboga ni chakula kizuri chenye vitamini A, lakini hazitibu jicho vivu. Usimnunulie miwani kwa mchuuzi wa stendi, na usimvalishe ya ndugu yake.

Uanzie wapi?

Anza na kliniki iliyo karibu nawe, iwe ni Ruiru Level 4 au zahanati ya mtaani. Chukua kitabu cha kliniki cha mama na mtoto; kina sehemu ya kuandika hali ya macho, nawe uombe ijazwe. Mimi na madaktari wenzangu wa kawaida kazi yetu ni kushuku na kukuandikia barua. Hospitali ya Thika Level 5 ina kitengo cha macho, na wanaohitaji mabingwa zaidi hutumwa Hospitali ya PCEA Kikuyu, Hospitali Kuu ya Kenyatta au hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho. Mahali pa NHIF palichukuliwa na SHA Oktoba 2024, basi hakikisha mtoto amesajiliwa na uulize mapema ni gharama zipi zinazolipwa.

Jioni hii, mtoto akishashiba, mzibe jicho moja, halafu lingine, uone atakwambia nini. Na ikiwa ana miaka mitatu au zaidi na hajawahi kupimwa, panga siku ya kumpeleka kabla ya muhula ujao. Hadi wiki ijayo, jaliwa afya njema.