Kabichi mwitu, mzazi wa sukuma wiki

Kabichi mwitu, yaani Brassica oleracea, humea yenyewe kwenye majabali ya chokaa yanayotazama bahari huko Uingereza na Ufaransa. Haifungi kichwa. Majani yake ni manene, yenye rangi ya kijani iliyofifia, na yamepakwa nta: tone la maji likiangukia jani huviringika na kudondoka. Nta hiyo huukinga mmea na chumvi na upepo mkavu. Sukuma wiki, kabichi, brokoli na koliflawa zote ni spishi hii moja, zilizotokana na wakulima kuchagua, kizazi baada ya kizazi, mimea yenye majani, vichwa au maua makubwa zaidi.

Bustanini kabichi mwitu huhitaji yale yale ya jabalini: jua la kutwa, na udongo usiotuamisha maji wala kuwa na tindikali. Tindikali huchochea ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Mmea ulioshikwa hunyauka mchana ingawa ardhi ina unyevu, na uking'olewa mizizi huonekana imefura na kupindana. Vimelea vyake hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo kinga ndiyo ya kutegemewa: chokaa ya kilimo, na kutopanda jamii ya kabichi kwenye tuta lile lile mfululizo.

Mbegu hufukiwa kitaluni kina cha sentimita 1. Miche yenye majani manne au matano huhamishwa jioni na kupandwa kwa nafasi ya sentimita 60, penye samadi iliyooza vizuri. Majani ya chini huchumwa kwanza, kilele kikiachwa kiendelee kukua.

Jani likikatwa au kutafunwa hutoa ukali wa haradali, kwa sababu kemikali mbili zilizotengana ndani yake hukutana. Ukali huo huwafukuza wadudu wengi, lakini nondo mgongo-almasi huufuata ili apate pa kutagia mayai. Kiwavi wake mdogo wa kijani hula jani kwa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, inayopitisha mwanga. Akiguswa hujinyonganyonga na kushuka kwa uzi. Kumpulizia dawa moja mfululizo ni kosa kubwa, maana nondo huyu amekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi. Heri kugeuza majani mara kwa mara na kuwaokota viwavi, au kufunika tuta kwa chandarua chenye matundu madogo.

Ili ichanue, kabichi mwitu huhitaji majuma kadhaa ya baridi. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam huelekea kubaki na majani tu. Maua ni ya manjano, yenye petali nne. Mmea ulio peke yake huzaa mbegu chache mno, hivyo kadhaa huachwa pamoja, mbali na brokoli au sukuma wiki zilizochanua, kwani nyuki huchanganya chavua zao. Maganda membamba yakianza kukauka hukatwa kabla hayajapasuka, kisha huanikwa kivulini.