Simu Inapohama Mkono

Mji wa Tabora, ulioitwa Kaze Burton na Speke walipofika mwaka 1857, ulikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Hapo misafara ilipumzika, wapagazi wapya wakaajiriwa, na mizigo ikahama mabega. Leo mzigo wa nyumba nzima hukaa kiganjani: picha za jamaa, barua na siri zao. Basi atakaye kuiuza simu yake, au kumpa mwingine, yampasa haya.

Kwanza, aizime na kuipangusa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Vumbi la kiangazi cha Unyamwezi hujikusanya katika tundu la chaji. Na alitoe kwa brashi laini iliyo kavu, si kwa sindano wala kwa maji.

Pili, atoe laini na kadi ya kumbukumbu. Fedha za M-Pesa hufuata laini, hazifuati simu.

Tatu, aiwashe, anakili mahali pengine picha na majina anayoyahitaji, kisha aiondoe akaunti yake ya Google. Akiiacha, huenda simu ikamdai aliyeinunua neno la siri asilolijua, ikawa haimfai kitu.

Mwisho, airudishe simu katika hali ya kiwandani, ili yaliyomo yafutike.

Picha ya mke au binti ni sitara ya nyumba, nayo ni amana kwa aliyeipiga. Haifai kumfikia mgeni kwa sababu ya uvivu wa dakika chache.