Mtoto anayecheza anajenga mwili

KATIKA miteremko ya Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare wilayani Mwanga, mama aendaye shambani au sokoni humfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Njia ni za kupanda na kushuka, na mbeleko humpa mtoto joto na usalama. Hata hivyo, mtoto akikaa humo kwa saa nyingi hukosa jambo moja muhimu, nalo ni nafasi ya kuutumia mwili wake mwenyewe.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa Aprili 2019 unashauri kuwa mtoto mchanga asifungwe kwenye kigari au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya dakika zisizopungua 30 kwa siku. Wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji kujishughulisha kwa dakika zisizopungua 180 kila siku; na afikapo miaka mitatu, 60 kati ya hizo ziwe za michezo ya nguvu, ya kumfanya aheme.

Sababu zake ni za kimaumbile. Mtoto aliyelala kifudifudi hulazimika kuinua kichwa, na kwa kufanya hivyo huimarisha shingo, mabega na mgongo, tayari kwa kukaa na kutambaa. Kukimbia na kuruka huitwisha mifupa uzito, nayo huwa imara zaidi. Moyo na mapafu huzoea kazi. Aidha, kukwea tuta la shamba au kurusha mpira wa matambara huyafundisha macho, mikono na miguu kushirikiana.

Mjini kifungo ni cha namna nyingine. Mtoto hufungiwa ndani ya geti, mbele ya televisheni, ilhali mwongozo huo unataka aliye chini ya miaka miwili asiitazame kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Kwa hiyo, milima peke yake haimjengi mtoto anayeipanda akiwa mgongoni, wala ua mpana haumsaidii aliyeketi sebuleni. Wazazi hawalazimiki kununua chochote: mkeka, kamba, uwanja usio na hatari na mtu mzima wa kuangalia vinatosha. Anayemwona mtoto akikimbia asidhani anapoteza wakati. Hiyo ndiyo kazi yake.