Ukokotoaji ‘uliosambazwa’ au wa ujima?

Kuna istilahi zinazotafsirika kwa wepesi lakini zikamwacha msomaji gizani. Mojawapo ni ile ya kuzigawia tarakilishi nyingi kazi moja kubwa. Ukitafsiri neno kwa neno utapata ‘ukokotoaji uliosambazwa’. Sarufi haina kasoro. Ila kusambaza ni kueneza, kama gazeti hili linavyosambazwa madukani, likishanunuliwa halirudi. Je, kazi yenyewe ndivyo ilivyo? Hebu tuitazame kabla ya kuipa jina.

Mfano mzuri ni mradi wa Einstein@Home, ulioanzishwa mwaka wa 2005. Unachunguza data ya LIGO, mitambo miwili iliyoko Hanford na Livingston, Marekani, ambayo mikono yake ina urefu wa kilomita 4. Ndiyo iliyonasa mawimbi ya mvutano kwa mara ya kwanza mnamo Septemba 14, 2015, yaliyotokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana.

Ishara ile haikuchukua hata sekunde moja. Einstein@Home unatafuta nyingine: mawimbi hafifu yasiyokatika, yanayotarajiwa kutoka kwa nyota za nyutroni zinazozunguka kwa kasi. Kwa kuwa ni hafifu, sharti data ya miezi mingi ijumlishwe. Taabu ni kwamba dunia nayo inajizungusha na kulizunguka jua, hivyo masafa ya wimbi hupanda na kushuka, kama king’ora cha ambulensi kinavyobadilika sauti kikikupita. Mabadiliko hayo hutegemea mahali nyota ilipo angani. Usipopajua, huna budi kupiga hesabu upya kwa kila pembe ya anga na kila masafa. Tarakilishi moja itaiweza wapi kazi hiyo?

Basi kazi hukatwa vipande. Watu wa kujitolea kote duniani hupakua programu. Tarakilishi zao zikikaa bure, hupokea kipande, hukikokotoa, kisha hurejesha jibu. Kipande kimoja hupewa zaidi ya mashine moja ili majibu yalinganishwe. Mnamo 2010, tarakilishi za wanandoa wa Iowa, Marekani, na ya mtu wa Mainz, Ujerumani, zilifichua pulsa J2007+2722 katika data ya darubini ya redio ya Arecibo. Mawimbi yenyewe yasiyokatika yangali yanatafutwa.

Umeona? Kazi inakwenda na kurudi, na kila mmoja ana sehemu yake. Waswahili wana neno la ushirikiano huo: ujima. Wana pia ‘ngwe’, kipande cha shamba anachopimiwa mtu alime. Kwa hivyo napendekeza ‘ukokotoaji wa ujima’, na kila kipande cha kazi kiitwe ngwe. Wapo watakaotaka ‘harambee’, lakini siku hizi ukilitaja neno hilo Mkenya hushika mfuko wake.

Mwanafunzi akipewa ‘ukokotoaji uliosambazwa’ ataukariri kwa ajili ya mtihani. Akiambiwa kila tarakilishi inalima ngwe yake, ataweza kumweleza nyanya yake.